Poka ya wawili: kwa nini karata zilizokufikisha fainali ndizo zinazokuangusha

Kwa waliochelewa uzi, ndugu yetu wa Maweni anasema hivi. Wana barza yao, watu wanane, wanacheza poka ya Texas kila mwisho wa wiki. Ana jedwali la karata za kuanzia alilolitoa mtandaoni, analifuata herufi kwa herufi, na mara nyingi anasalia kwenye wawili wa mwisho. Hapo ndipo mambo yanapomharibikia. Jamaa mmoja "anayecheza takataka zote" anamkausha kila mara. Anauliza acheze karata gani, na kama huyo jamaa ana bahati ya mtende.

Shekhe wangu, huyo jamaa hana bahati yoyote. Jedwali lako halina kasoro, ila limeandikiwa meza ya watu tisa na wewe unalibeba mpaka mnapobaki wawili. Karata mbili huwezi kuzipimia thamani mpaka ujue mambo mawili: nyuma yako wamebaki wangapi wa kusema, na nani atasema wa mwisho.

Naongea kwa niliyoyaona. Nimegawa karata kasinoni hapa Malindi kwa miaka, zile nyakati Waitaliano wanajaa mji kuanzia Desemba, na mgawaji usiku kucha kazi yake ya pili ni kutazama watu wanavyopoteza. Siku hizi nacheza barzani kwetu Shela (hii yetu ya Malindi, si ile ya Lamu) na hatuchezei pesa. Tunachezea komwe zilezile za bao, anayetolewa ananunua kahawa na kashata. Kamari ni haramu na hapo hatubishani na wazee, na serikali nayo haitaki meza ya pesa isiyo na leseni. Utamu wa mchezo haujapungua hata chembe.

Na kabla mtu hajaniuliza: hii si ile poka ya kutupa karata mpaka useme "niko kadi". Hapa kila mmoja anapewa karata mbili za siri, kisha mezani zinafunuliwa tano za wote, tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu moja. Unatengeneza tano bora kati ya saba. Kila raundi watu wanaweka dau, wanafuata (wanalipa sawa na dau la mwenzao), wanapandisha au wanatupa (wanajitoa kwenye mkono huo). Blaindi ni yale madau mawili ya lazima, ndogo na kubwa, yanayowekwa kabla mtu hajaona karata.

Sasa chukua ree. Umepewa A-7, ree ya kopa na saba ya pau, na mko tisa mezani. Ree tatu zimebaki katika karata 50 usizozijua, na 16 kati ya hizo ziko mikononi mwa wenzako. Ukipiga hesabu, uwezekano kwamba angalau mmoja wao ana ree ni kama asilimia 69. Na mwenye ree, akiamua kuingia mchezoni, mara nyingi karata yake ya pili inaipita saba yako, maana naye ana jedwali lake. Ree ikitua mezani mnafurahi wote wawili, kisha wewe ndiye unayelipa. A-7 ikikutana na A-J hushinda kama mara moja kwa nne (A ni ree, K mfalme, Q malkia, na J ndiyo inayofuata chini ya malkia).

A-7 hiyohiyo, mkiwa wawili: uwezekano wa mwenzako kuwa na ree ni asilimia 12 tu. Ikienda mpaka karata ya tano dhidi ya karata zozote atakazopewa, inashinda karibu mara sita kwa kumi. Karata ni zilezile. Kilichobadilika ni idadi ya watu, na jedwali lako linakwambia utupe mkono ambao ulitakiwa upandishe nao bila kusita.

Meza iliyojaa sitaikalia sana, inaonekana unaijua. Kwa wanaoanza tu: kuna namna 1,326 za kupewa karata mbili, ukihesabu maua yote (kopa, uru, pau na shupaza) kuwa sawa, na kutofautisha tu kama karata zako ni za ua moja au la, zinabaki aina 169. Jozi yoyote huja mara moja kwa 17, na jozi ya ree mara moja kwa 221, kwa hivyo anayengoja ree ataadhiniwa alfajiri bado anangoja. Ukiwa wa kwanza kusema na watu wanane nyuma yako, cheza jozi kubwa na za kati, A-K, A-Q, na labda A-J na K-Q za ua moja. Ukisogea karibu na nafasi ya mgawaji, ongeza jozi ndogo, ree yenye karata ya ua lake, na zinazofuatana kama 9-8 au 8-7 za ua moja. Basi.

Ila kuna mitego miwili naiona kila wiki. Wa kwanza ni watu kupenda ua moja kupita kiasi. Karata kuwa za ua moja kunaongeza nafasi yako kwa asilimia mbili au tatu tu, na kulipata ua kamili (karata tano za ua moja) kwenye zile karata tatu za mwanzo ni chini ya mara moja kwa mia. J-2 za kopa ni J-2 iliyovaa kanzu ya Idi. Wa pili ni jozi ndogo. Ukishika 4-4, nne nyingine inakuja kwenye karata tatu za mwanzo mara moja kwa nane na nusu hivi. Sasa ulipe komwe nne kumfuata mtu aliyebakiwa na komwe ishirini? Hata ukiipata hiyo nne, shamba lenyewe halina mavuno. Mimi nataka awe amebakiwa na angalau mara 15 ya ninacholipa, la sivyo natupa.

Tuje kwenye wawili, ndiko uliko ugonjwa.

Kwanza nimeona kitu kwenye maelezo yako. Umeandika kwamba mkibaki wawili mgawaji anaweka blaindi kubwa. Mmeigeuza. Mkiwa wawili, mgawaji ndiye anayeweka blaindi ndogo. Anasema kwanza kabla karata za mezani hazijafunuliwa, na anasema mwisho katika raundi tatu zote zinazofuata. Mnavyocheza nyinyi, anayegawa anasema mwisho kuanzia raundi ya kwanza hadi ya nne, na sasa hivi nina hakika ukikumbuka vizuri utaona komwe zako nyingi zilikwenda mwenzako alipokuwa anagawa. Rekebisheni hilo kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Kusema mwisho kuna thamani kuliko ree, nasema hivyo na nitalisimamia. Anayesema mwisho amekwisha kuona mwenzake amefanya nini. Mwenzake akigonga meza bila kuweka dau, anajua kuna udhaifu. Akitaka kuiona karata inayofuata bure, anagonga na yeye, anaiona. Akitaka mzigo, yaani komwe zinazogombewa mezani, uwe mdogo, unakuwa mdogo. Anayesema kwanza anafanya yote hayo kwa kubahatisha. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza programu yao iitwayo Cepheus, iliyoufumbua mchezo wa wawili wa aina ile yenye kiwango maalumu cha dau, na mojawapo ya mambo iliyoyathibitisha ni kwamba mgawaji ana faida. Wazee wa kasinoni walikuwa wakilijua hilo kwa uzoefu tu.

Jambo la pili ni gharama ya kungoja. Mezani watu tisa unalipa blaindi mara mbili kila mzunguko wa mikono tisa, yaani karata zikigawiwa mara tisa, unaweza kukaa ukanywa kahawa yako. Mkiwa wawili unalipa kila mkono, ndogo au kubwa. Tuseme unangoja karata nzuri zinazokuja mara moja kwa kumi. Katika mikono hiyo kumi utalipa ndogo mara tano na kubwa mara tano, jumla blaindi kubwa saba na nusu. Kama ulifika fainali na blaindi ishirini, zaidi ya theluthi imekwenda kabla hujacheza hata mkono mmoja. Na siku karata nzuri ikija, mwenzako ambaye ameshakujua anatupa yake, unavuna blaindi moja. Huyo jamaa yako "wa takataka" halazimiki kukushinda kwa karata. Anakutoza kodi ya kukaa.

La tatu, na hili ndilo watu wa barza hawalielewi: karata mbili zisizo jozi, zikikutana na zile tatu za mwanzo mezani, hazipati hata jozi moja takriban mara mbili kwa tatu. Mara mbili kwa tatu! Kwa hivyo katika mikono mingi, wewe hujapata kitu, naye hajapata kitu, na mzigo unakwenda kwa yule aliyeuchukua kwanza kwa sauti ya kujiamini.

Basi ucheze karata gani? Ukiwa mgawaji, karibu zote. Mimi natupa moja kwa tano hivi: 7-2, 8-3, 9-2, 6-2, 4-2, takataka za maua tofauti zisizofuatana. Nyingine zote napandisha, na napandisha kidogo, mara mbili ya blaindi kubwa, hakuna haja ya tatu au nne. Mkono wa katikati kabisa, ule wenye nafasi takriban nusu kwa nusu dhidi ya karata zozote, ni kitu kama Q-7 ya maua tofauti, unaoshinda kama asilimia 52. Malkia na saba! Mezani watu tisa mtu akiingia na Q-7 nafasi ya kwanza ninamtazama mara mbili nione kama amelala. Jozi ya tano, 5-5, inashinda kama mara sita kwa kumi. Ree yoyote, jozi yoyote, mfalme yeyote, hizo ni karata za kupandisha, hakuna mjadala.

Usipokuwa mgawaji, kaza kidogo. Hapa hesabu inakusaidia. Amepandisha hadi blaindi mbili, mezani kuna tatu, wewe unaongeza moja. Unalipa moja kupata tatu, kwa hivyo unahitaji kushinda mara moja kwa nne tu ili usipate hasara. Ukitazama namba peke yake utasema nifuate na kila kitu, maana hata 7-2 inashinda karibu asilimia 35 dhidi ya karata zozote. Tatizo ni kwamba utasema kwanza raundi zote zinazofuata, na 7-2 haitafika mwisho, utafukuzwa njiani. Kwa hiyo natupa kama theluthi mbovu zaidi, nafuata na zilizobaki, na zile nzuri kabisa, A-Q, A-K, jozi za tisa kwenda juu, napandisha juu yake. Mara mojamoja nachanganya na A-4 au A-5 za ua moja, asije akanizoea. Akipandisha hadi blaindi tatu, sasa unalipa mbili kupata nne, unahitaji mara moja kwa tatu, kwa hivyo tupa zaidi. Ndiyo maana nasema ukiwa mgawaji usipandishe sana: ukikutana na mtu asiyejua bei, atatupa ovyo kwa bei ndogo vilevile anavyotupa kwa kubwa, na wewe umehatarisha kidogo.

Nieleze mkono mmoja wa barzani kwetu, ndio unaofanana na tatizo lako. Walibaki wawili: fundi wa boti, mtu mzima, mtulivu, anayecheza kwa jedwali kama wewe, na kijana wa tuktuk asiyejua jedwali ni nini. Blaindi komwe moja na mbili, kila mmoja ana sitini hivi mbele yake. Kijana anagawa, ana 8-6 za pau, anapandisha hadi nne. Fundi ana ree ya kopa na tano ya uru, anaongeza mbili. Mzigo nane. Zinafunuliwa mfalme wa shupaza, saba ya uru, mbili ya kopa. Fundi anazichungulia tena karata zake, anagonga meza kwa kidole. Kijana, bila hata kuziangalia, anasogeza komwe tatu. Fundi anapumua, anatupa. Na kijana kwa jeuri anafunua nane na sita, hana kitu, barza yote ikaangua kicheko, mwenye birika akamwaga kahawa.

Angalia hesabu ya kijana, ambayo yeye mwenyewe haijui. Ameweka tatu kupata nane. Mkwara huo ukifaulu mara tatu kwa kumi na moja, kama asilimia 27, hapati hasara. Fundi anakosa hata jozi mara mbili kwa tatu, na akikosa anatupa. Kijana anavuna kila siku, karata zake hata azifunike chini ya kikombe. Sasa angalia upande wa fundi. Anatakiwa kulipa tatu kupata kumi na moja. Anahitaji kushinda asilimia 21 tu. Na ree yake, dhidi ya mtu anayesogeza komwe kila zikifunuliwa karata tatu, ndiyo iliyokuwa ikiongoza wakati huo! Kufuata mara moja kulikuwa lazima. Hapo kijana angelazimika kuamua, karata ya nne ikifunuliwa, aendelee kudanganya kwa komwe nyingi au anyamaze, na wengi wao hunyamaza. Nilimwambia fundi hivyo baadaye. Siku iliyofuata akafuata na ree tupu, karata ya nne ikatoka tisa, kijana akagonga meza, fundi akaweka nne, kijana akatupa huku analalamika kwamba mzee ameharibika.

Kuna jambo komwe zinalibadilisha, na usilisahau ukisoma mashauri ya wachezaji wa pesa. Komwe hazimuumi mtu. Kasinoni niliona watu wakitupa jozi nzuri kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka. Barzani mtu anakufuata na jozi ya karata ya tatu kwa ukubwa mezani kwa sababu tu anataka kujua ulikuwa na nini. Dhidi ya mtu wa hivyo mkwara wako ni sadaka. Ukimjua ni mfuataji, acha kabisa kumtisha, ngoja jozi ya juu, ile ya karata kubwa kuliko zote za mezani, halafu weka dau kubwa, karibu ujazo wa mzigo wote, raundi zote tatu. Atalipa. Na usiogope kwamba jozi moja haitoshi. Mezani watu wanane jozi ya wafalme yenye karata dhaifu pembeni ni ya kuchezea kwa tahadhari. Mkiwa wawili ni mkono mkubwa, hata jozi ya karata ya pili kwa ukubwa mezani ni ya kuuliza maswali.

Kwa hivyo kabla ya kujua ucheze karata gani, muhesabu huyo jamaa. Ni mara ngapi anatupa ukipandisha? Akitupa zaidi ya nusu, pandisha na karata zozote mbili, hata 7-2, usiziangalie. Hatupi kabisa? Basi kaza, cheza zenye karata kubwa, K-9, Q-10, A yoyote, maana zinatengeneza jozi ya juu, na achana na zile 6-5 za kutegea mfululizo (karata tano zinazofuatana). Wewe umesema jamaa yako anapandisha kila akigawa. Mtu wa hivyo dawa yake ni kumpandishia juu yake mara nyingi kuliko unavyopenda, kwa sababu takataka zake hazitahimili, na atatupa.

Kidokezo kimoja cha mgawaji, nakupa bure. Zikifunuliwa karata tatu za pau mezani na mtu akazichungulia upya karata zake, mara nyingi hana ua. Aliyepewa pau mbili anakumbuka. Anayechungulia anakumbuka tu kwamba ana karata moja nyeusi, anataka kujua ni pau au shupaza. Nimeliona hilo kwa Waitaliano, kwa Wahindi wa Mombasa, kwa watu wetu, halina kabila.

Mtu mmoja kwenye uzi huu ameandika kwamba Doyle Brunson, yule Mmarekani, alishinda ubingwa wa dunia wa poka mara mbili na 10-2, mwaka 1976 na 1977, kwa hivyo karata ni karata tu. Ni kweli alimaliza hivyo, mikono yote miwili ya mwisho. Lakini alikuwa amebaki na mtu mmoja mbele yake miaka yote miwili! Mkiwa wawili, 10-2 ni mkono unaoweza kuchezwa, hasa ukiwa na komwe nyingi mbele yako. Anayekwenda kuicheza meza ya watu tisa kwa sababu ya Brunson amechukua hadithi akaacha mazingira yake.

Mfano ulio bora kuliko huo ni fainali ya ubingwa huohuo mwaka 1988 Las Vegas, kati ya Johnny Chan na Erik Seidel. Seidel alikuwa na Q-7, mkono ule ule wa katikati nilioutaja, na Chan alikuwa na J-9. Zikafunuliwa karata tatu: malkia, nane, na kumi. Seidel ana jozi ya juu, Chan ana mfululizo tayari, nane mpaka malkia. Chan akajikausha kimya, hakupiga kelele yoyote, mpaka mwisho Seidel akaweka zote, na Chan akabeba ubingwa wake wa pili mfululizo baada ya ule wa 1987. Watu humcheka Seidel kwa mkono huo. Mimi simcheki. Mkiwa wawili, jozi ya malkia mezani penye malkia kama karata ya juu ni mkono wa kupigania. Alikutana na kitu adimu, na mtu aliyejua kunyamaza.

Na wale mnaofikiria kwenda kucheza wawiliwawili mtandaoni kwa pesa, nawashauri msiende. Januari 2017 kule Pittsburgh, Marekani, programu iitwayo Libratus, iliyotengenezwa na Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwachapa wachezaji wanne wa kulipwa katika mikono 120,000 ya poka ya wawili isiyo na kikomo cha dau. Hao wanne walikuwa miongoni mwa wakali wa mchezo huo. Tangu hapo mimi sioni sababu ya kukaa mbele ya skrini nikidhani aliye upande wa pili ni binadamu anayekuna kichwa.

Limebaki suala la komwe zikipungua. Ukiwa na blaindi kubwa kumi au chini, sahau kupandisha kidogokidogo na kufuata. Ukiwa mgawaji chagua moja: weka zote au tupa. Na usidhani kuweka zote kunangoja jozi kubwa. Kwa hesabu zilizokwisha kufanywa, mwenye blaindi kumi anaweza kuweka zote na zaidi ya nusu ya mikono: ree yoyote, jozi yoyote, mfalme yeyote, na nyingi zinazofuatana za ua moja. Mwenzake wa kufuata anatakiwa awe na kidogo zaidi ya theluthi ya mikono, maana yeye hana nafasi ya kushinda kwa mtu kutupa. Hapo ndipo wengi wanapokosea kinyume: wanaogopa kuweka wa kwanza na K-4, halafu wanafuata na Q-8 kwa hasira. Kuweka kwanza kunakupa njia mbili za kushinda, ama atupe ama umshinde. Kufuata kunakupa moja.

Jaribu wiki hii, na mkono utakaokusumbua uuweke hapa. Ila andika nani alikuwa mgawaji na kila mmoja alikuwa amebakiwa na komwe ngapi, maana bila hayo mawili hata karata zako ukizitaja zote hatutakuwa na la kukwambia.